Redio ya muziki ya mji mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake

Maswali haya huulizwa na watu wanaofuatilia historia ya kituo kimoja kidogo, mara nyingi kilichokwisha kufungwa au kubadili jina. Mifano mingi hapa ni ya Marekani, kwa kuwa mtindo wa redio ya biashara inayopiga muziki kutwa nzima ulikomaa huko kwanza. Nchi nyingine zinajibiwa kwenye swali lao.

Kituo tunachokizungumzia ni cha aina gani?

Ni kituo chenye leseni ya kuhudumia mji mmoja na viunga vyake, kinachoishi kwa matangazo ya biashara na kinachojaza saa zake nyingi kwa muziki uliorekodiwa. Hakipati ruzuku ya serikali. Mwenye duka la viatu na muuza matrekta ndio wanaomlipa mtangazaji. Ukitaka kuielewa historia yake, anza na hilo: anachouza mwenye kituo ni muda, na muziki upo ili watu wawepo muda huo unapouzwa. Karibu kila badiliko lililoelezwa hapa chini lilitoka kwenye leseni au kwenye daftari la mauzo. Mapenzi ya muziki yalikuja baadaye, na pengine hayakuja kabisa.

Redio za biashara zilianza lini?

Tarehe inayotajwa zaidi ni 2 Novemba 1920, KDKA ya Pittsburgh iliposoma matokeo ya uchaguzi wa rais. Mmiliki wake, Westinghouse, alikuwa mtengenezaji wa redio, akihitaji watu wapate sababu ya kuzinunua. Tangazo la kulipiwa lilifuata 28 Agosti 1922 kwenye kituo cha WEAF, New York: kampuni moja ya nyumba ilinunua dakika kumi kusifia maghorofa yake ya Jackson Heights.

Kwenye miji midogo mambo yalianza kwa fujo zaidi. Magazeti, maduka ya samani, vyuo, hata makanisa yalijijengea mitambo. Wengi walichoka ndani ya miaka michache walipoona gharama haziishi. Mwaka 1927 Marekani iliunda tume ya kugawa masafa, na mwaka 1934 nafasi yake ikachukuliwa na FCC, iliyopo hadi leo.

Mbona vituo vingi vya zamani vya miji midogo viko kwenye masafa yaleyale machache?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na wachache huliuliza. Mwaka 1928 masafa ya AM yaligawanywa kwa madaraja. Daraja la juu lilikuwa la vituo vikubwa vya miji mikuu, ambavyo baadaye viliruhusiwa nguvu ya hadi wati 50,000 na kusikika majimbo kadhaa usiku. Daraja la chini lilikuwa la vituo vya mtaa. Kufikia mwaka 1941, baada ya mkataba wa nchi za Amerika Kaskazini, vituo hivyo vya chini vilisukumwa kwenye masafa sita: kilohezi 1230, 1240, 1340, 1400, 1450 na 1490. Kila kimoja kilipewa wati 250 tu.

Mchana mpango huo ulifanya kazi vizuri. Mawimbi ya AM hufuata ardhi wakati jua limewaka, kwa hiyo kituo cha wati 250 kinausikilizisha mji wake bila kumsumbua mwenzake wa masafa yaleyale aliye mbali. Usiku tabaka la juu la angahewa huyarudisha mawimbi ardhini mamia ya kilomita mbali. Vituo chungu nzima vya 1230 hukanyagana hapo, na ukitoka maili chache nje ya mji husikii ila mngurumo. Mafundi mitambo wakayaita makaburini, na jina likashika.

Vituo vingine vilipewa leseni ya mchana pekee. Jua likizama, mtambo unazimwa. Katika majimbo ya kaskazini mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, yaani wakati watu wanatoka kazini na kuwasha redio za magari yao. Kituo kilipoteza saa zake za thamani, pamoja na mechi za shule zinazochezwa usiku. Ukikuta kwenye kumbukumbu kwamba mmiliki alihangaika miaka mingi na mawakili huko Washington, mara nyingi alikuwa anagombania saa mbili za giza.

Santuri zilianza lini kutawala vipindi?

Baadaye kuliko watu wanavyodhani. Miaka ya 1930 heshima ilikuwa kwa muziki wa papo kwa hapo: bendi studioni, au kipindi kilicholetwa kwa waya kutoka kwa mitandao ya New York. Sahani ya santuri ilionekana kama udanganyifu, na sheria ilimtaka mtangazaji awaambie wasikilizaji kwamba wanasikia rekodi. Baadhi ya kampuni zilichapisha kwenye lebo kwamba rekodi haijaruhusiwa kupigwa redioni.

Mambo matatu yalivunja ukuta huo. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua, katika kesi ya RCA dhidi ya kiongozi wa bendi Paul Whiteman, kwamba aliyeinunua rekodi anaweza kuipiga hewani. Mwaka uliofuata vituo vilikataa nyongeza ya malipo iliyodaiwa na ASCAP, chama cha watunzi, na kwa karibu miezi kumi vikaacha kabisa kupiga nyimbo zake. Vilipiga nyimbo za kale zisizodaiwa na mtu, na nyimbo za BMI, chama kilichoundwa mwaka 1939 na wenye redio wenyewe. BMI iliwapokea watunzi wa muziki wa mashambani na wa Wamarekani weusi ambao ASCAP haikuwajali, na matokeo ya ugomvi huo wa bei yalisikika kwenye muziki wa miongo iliyofuata. Jambo la tatu ni televisheni. Ilipokuja baada ya vita ilichukua michezo ya kuigiza, wachekeshaji na wadhamini wakubwa, na mitandao ya redio ikabaki mifupa.

Vituo vya mji mdogo vilipata pigo dogo kuliko wote. Havikuwahi kuwa na uwezo wa kuajiri bendi, na vingi vilikuwa vimezaliwa juzi tu: mwaka 1945 Marekani ilikuwa na vituo vya AM chini ya elfu moja, na kufikia mwaka 1950 vilikuwa zaidi ya elfu mbili. Santuri ilikuwa rahisi, na kwa sheria ya Marekani kituo humlipa mtunzi wa wimbo lakini hakimlipi mwimbaji wala kampuni ya rekodi. Hali hiyo ipo mpaka leo kwa redio za kawaida, na waimbaji bado wanalalamika, nadhani kwa haki.

Ni kweli mtindo wa vibao arobaini ulizaliwa baa?

Hadithi inasema Todd Storz, ambaye familia yake ilinunua kituo cha KOWH cha Omaha mwaka 1949, alikaa baa akaona wateja wakichagua nyimbo zilezile kwenye mashine ya muziki. Ilipofika saa ya kufunga, mhudumu aliyezisikia siku nzima akatoa sarafu yake mwenyewe na kuurudia wimbo uleule. Wasimuliaji hawapatani mji wala mwaka, kwa hiyo ichukue kama ngano ya ukoo. Kisichobishaniwa ni kwamba Storz, na Gordon McLendon wa KLIF ya Dallas, walijenga mtindo huo wa vibao arobaini (Top 40): redio ya nyimbo chache zinazorudiwa, vibwagizo vya kuimba jina la kituo, mashindano ya zawadi na habari fupi. Storz alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39, na wakati huo miji mingi ilikuwa na nakala ya kituo chake.

Redio ndogo ya tranzista ilisaidia sana. Regency TR-1 iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 1954, na kijana hakuhitaji tena kusikiliza alichochagua baba sebuleni.

Tahadhari moja kwa wanaoandika historia: kituo pekee mjini hakikuweza kupiga muziki wa vijana kutwa nzima. Asubuhi kilikuwa na bei za mazao na muziki wa wakubwa, mchana muziki wa mashambani, na vijana walipewa saa za baada ya shule. Ratiba kamili ya vibao arobaini ilihitaji mji wenye mshindani.

Mtangazaji alifanya kazi gani hasa?

Kila kazi. Alikuwa na sahani mbili za kuzungushia santuri, mashine ya katriji za matangazo (zilienea kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, kila katriji ikiwa na utepe unaozunguka na kujisimamisha ulipoanzia), na maikrofoni. Chumba cha jirani kilikuwa na teleprinta ya habari ikigonga bila kukoma. Alirarua karatasi, akaisoma hewani bila kuipitia, akarudi kwenye santuri. Katikati ya hayo alisoma mita za mtambo na kujaza kitabu cha kumbukumbu, kazi iliyomtaka awe na leseni ya FCC hata kama alichokijua kuhusu umeme ni kuwasha taa. Mchana alitoka kuuza matangazo, jioni akatangaza mechi.

Nyimbo ndefu zilipendwa na watangazaji wa zamu ya usiku kwa sababu isiyohusiana na sanaa: choo kilikuwa mwisho wa korido.

Mshahara ulikuwa mdogo na majina mengi yalikuwa ya kubuni. Mwenye kipaji alikaa mwaka mmoja au miwili, akarekodi kanda ya mfano, akaituma mji mkubwa zaidi. Ndiyo maana orodha ya watangazaji wa kituo kidogo huwa ndefu ajabu.

Je, walipiga muziki tu?

Hapana, na waliobaki na kumbukumbu hawakumbuki muziki kwanza. Wanakumbuka vifo vilivyotangazwa saa fulani kila asubuhi, mbwa aliyepotea, kipindi cha kuuziana vitu kwa simu ambamo mtu anatafuta tairi la trekta na mwingine anauza kitanda cha mtoto, salamu za siku ya kuzaliwa, na taarifa kwamba shule zimefungwa kwa theluji. Nyimbo zilezile zingeweza kusikika kwenye kituo cha mji wa pili. Habari za nani amefariki hazikupatikana kwingine mpaka gazeti litoke.

Pesa zilitoka wapi kama mji ulikuwa mdogo hivyo?

Sehemu kubwa ilitoka kwa maduka ya mtaa mkuu. Muuzaji wa kituo alipita mlango kwa mlango, na takwimu za wasikilizaji hazikumsaidia kwa sababu kampuni za utafiti hazikupima miji ya ukubwa huo. Kipimo kilikuwa kimoja: tangazo limepigwa Ijumaa, je, Jumamosi watu walikuja dukani? Wasipokuja, mwenye duka alimwambia uso kwa uso.

Malipo ya kubadilishana yalikuwa ya kawaida. Mgahawa ulilipa kwa chakula cha wafanyakazi, muuza magari kwa gari la kituo. Kituo pia kilipeleka maikrofoni dukani na kutangaza mbashara siku ya ufunguzi. Halafu kulikuwa na fedha za watengenezaji: kiwanda cha majokofu kilirudishia duka sehemu ya gharama ya tangazo lililotaja jokofu lake. Hapa ndipo baadhi ya vituo vilipoteleza, vikamwandikia mwenye duka ankara mbili, ndogo ya kulipa na kubwa ya kupeleka kiwandani. FCC ilipiga marufuku mchezo huo, na kuna waliopoteza leseni.

Na hongo za kupigiwa nyimbo je?

Kashfa ya payola ilifika mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1959 na 1960, na sheria ikarekebishwa mwaka 1960 ili malipo yaliyofichwa yawe kosa. Aliyeanguka kwa kishindo ni Alan Freed, aliyekiri mashtaka mwaka 1962 na kutozwa faini ya dola 300. Kituo cha mji mdogo hakikuwa na bahati ya kuhongwa. Kampuni za rekodi ziliwasahau kiasi kwamba wengine walilazimika kununua santuri au kuziomba kwa barua.

FM iliiua AM?

Iliichukulia muziki, ila haikuwa haraka. Edwin Armstrong alipata hataza za FM mwaka 1933. Mwaka 1945 FCC iliihamisha huduma hiyo kwenye megahezi 88 hadi 108, na redio zote za FM zilizokwishauzwa zikawa mapambo. Armstrong alijiua mwaka 1954 akiwa amechoshwa na kesi. Stereo iliruhusiwa mwaka 1961, na katikati ya muongo huo FCC ikakataza vituo vya miji mikubwa kurusha kipindi kilekile kwenye AM na FM kwa sehemu kubwa ya siku. Kanuni hiyo iligusa miji yenye watu zaidi ya 100,000. Mwenye kituo cha mji mdogo aliendelea kurusha sauti moja kwenye minara miwili, mara nyingi akiiona FM kama bili ya umeme isiyo na maana, mpaka mwisho wa miaka ya 1970 wasikilizaji wa FM walipowapita wa AM kitaifa. Waliokuwa wameiuza leseni ya FM kwa bei ya kutupa walijuta.

Sauti iliacha lini kutoka mjini?

Hakuna siku moja. Kulikuwa na mashine za kanda zilizopiga muziki zenyewe tangu miaka ya 1960. Mapema miaka ya 1980 ikaja setilaiti: mtangazaji mmoja aliye mbali alisikika kwenye vituo vingi kwa pamoja, na kompyuta ya mahali ikaingiza tangazo la duka na jina la kituo kwenye mapengo. Kwa mmiliki aliyelemewa na mishahara ya zamu ya usiku, ilikuwa nafuu kubwa.

Wakati huohuo FCC, kuanzia mwaka 1983, ilifungua nafasi mamia za FM mpya, nyingi kwenye miji midogo. Nia ilikuwa kuongeza sauti. Kilichotokea mahali pengi ni maduka yaleyale kugawana vituo vitatu badala ya kimoja, na vyote vitatu vikawa na njaa.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ndiyo inayolaumiwa zaidi. Iliondoa kikomo cha kitaifa cha vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki, na miaka michache baadaye kampuni ya Clear Channel ilikuwa na zaidi ya 1,200. Usiku wa kuamkia 18 Januari 2002, treni iliacha reli karibu na Minot, North Dakota, na wingu la amonia likafunika sehemu ya mji. Mtu mmoja alifariki na mamia waliumia. Vituo sita vya mji huo vilikuwa mikononi mwa kampuni hiyohiyo. Polisi walisema walipiga simu bila kupokewa; kampuni ikajibu kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mtambo wa tahadhari. Wabishani wa umiliki wa redio bado wanautaja usiku ule.

Kwa maoni yangu sheria ya 1996 inabebeshwa mzigo ambao si wake wote. Duka kubwa la mnyororo lililojengwa nje ya mji, lisilonunua tangazo la redio ya mtaa, lilikuwa limekwishafunga nusu ya wateja wa kituo kabla ya kalamu ya rais kugusa karatasi.

Nje ya Marekani hali ilikuwaje?

Uingereza ilichelewa. Radio Caroline ilianza kurusha kutoka melini Machi 1964, na mwaka huohuo Kisiwa cha Man kikapata Manx Radio, redio ya biashara yenye kibali. Vituo halali vya biashara vya Uingereza kwenyewe vilianza Oktoba 1973 jijini London, kisha vikasambaa kwenye miji midogo. Mpaka mwaka 1988 saa za kupiga santuri ziliwekewa kikomo, kwa makubaliano na wanamuziki na kampuni za rekodi, ndiyo sababu kanda za enzi hiyo zina mazungumzo mengi. Majina mengi ya mtaa yalitoweka mwaka 2020, kampuni ya Bauer ilipoyafuta na kuyaweka chini ya Greatest Hits Radio.

Italia ilifungua mlango kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba mwaka 1976. Ufaransa iliruhusu redio binafsi za mahali mwaka 1981 lakini matangazo ya biashara yakasubiri hadi 1984. Sehemu kubwa ya Afrika ilifuata miaka ya 1990.

Kituo kimebadili jina mara nyingi. Nitajuaje kuwa ni kilekile?

Fuata leseni, usifuate jina wala muziki. FCC imeweka mtandaoni kadi za historia za vituo kuanzia mwaka 1927 hadi karibu 1980: kila uhamisho wa mnara, ongezeko la nguvu na mauzo yameandikwa humo, mengine kwa mkono. Linganisha na kitabu cha mwaka cha jarida la Broadcasting, kinachotaja wamiliki na mameneja. Magazeti ya mji ni mazuri kwa picha na sherehe za ufunguzi, lakini kumbuka kwamba gazeti lilikuwa mshindani wa kituo, au mmiliki wake.

Karatasi za chati zilizogawiwa bure kwenye maduka ya santuri ni hazina. Zinaonyesha tarehe, ratiba na sura za watangazaji, ingawa nafasi ya wimbo kwenye chati wakati mwingine iliamuliwa na idadi ya santuri ambazo duka lilikuwa halijaziuza.

Nimekuta kanda za zamani za kituo. Nizifanyeje?

Usizipige kwanza. Kanda za miaka ya 1970 na 1980 za chapa kadhaa hunata, na tabaka la sauti huweza kubanduka kwenye kichwa cha mashine. Zipeleke kwa mtu anayejua kuzikausha kwa joto dogo, kisha zinakiliwe mara moja kwa ubora wa juu, bila kukata wala kusafisha kelele. Andika kilichoandikwa kwenye boksi, hata kama ni namba tupu.

Ukisikia nyimbo zimekatwa zikabaki sekunde chache mwanzo na mwisho, kanda haijaharibika. Mashine ilirekodi pale tu maikrofoni ilipowashwa, ili meneja amsikilize mtangazaji bila kupoteza saa nzima. Kwa mwanahistoria hizo ndizo bora: matangazo, salamu na hali ya hewa vimo, muziki unaopatikana popote haumo, na tatizo la hakimiliki linapungua.

Je, vituo hivi bado vipo?

Vipo. Tangu mwaka 2009 FCC inaruhusu kituo cha AM kurudia matangazo yake kwenye mtambo mdogo wa FM, na baadhi ya vituo vya makaburini vimepata hivyo usiku waliounyimwa tangu 1941. Vilivyofungwa mara nyingi havikukosa wasikilizaji: uwanja wenye mnara, uliokuwa shamba wakati wa ujenzi, ulikuwa umezingirwa na nyumba, na bei yake ikawa kubwa kuliko ya kituo kizima.